Mhariri, tuhesabieni na siku za maji, sio miradi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja kuhusu maji ya kijijini, na kama ni refu naomba usilikate katikati maana nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni mama mkulima wa alizeti huku mkoa wa Singida. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji miaka ile kabla vijiji havijaunganishwa kwenye chombo kimoja cha maji, na mpaka leo ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Sijasomea maji, ninachokijua nimekijulia kwenye gati, yaani pale kwenye bomba la kijiji la kuchotea maji, na kwenye vikao.

Mwaka jana mwezi wa kwanza nilitundika kalenda ukutani, ile wanayogawa duka la pembejeo, nikaamua kwamba kila siku ambayo gati letu halijatoa maji kabisa naweka alama ya X kwa kalamu nyekundu. Siku ambayo yametoka hata saa moja siweki kitu, nilitaka niwe wa haki. Desemba 31 jioni nikakaa na mwanangu wa darasa la sita tukahesabu mwezi kwa mwezi, tukarudia mara ya pili maana ya kwanza sikuamini. X zilikuwa 118.

Siku 118, Mhariri. Karibu miezi minne ya mwaka mzima. Na bado kwenye vitabu vyote vya serikali sisi ni kijiji chenye maji, kwa sababu mradi upo, kisima kirefu kipo, tenki lipo juu ya mnara wake, magati yapo na siku ya uzinduzi utepe ulikatwa na picha zikapigwa. Kiongozi akisimama kwenye mkutano akisema asilimia fulani ya wananchi wa vijijini wanapata maji safi na salama, mimi na watoto wangu tumo ndani ya hiyo asilimia, tunahesabiwa tumeshapata, hata siku ile niko korongoni saa kumi alfajiri nakwangua mchanga kwa bakuli nasubiri maji yajikusanye.

Hilo ndilo nataka kulisema, tunahesabu miradi na hatuhesabu siku. Na kwa sababu hakuna anayehesabu siku, hakuna anayeulizwa.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema vizuri kabisa, mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kituo cha maji kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Nyumbani kwangu tuko saba, kwa hiyo lita 175, madumu tisa hivi. Gatini dumu ni shilingi 50, madumu tisa ni 450, hiyo hata mkulima anaiweza. Lakini gati likikauka anakuja kijana wa mkokoteni wa punda, dumu 500, na kiangazi kikikaza hata zaidi. Simlaumu yule kijana, anatoka mbali na punda wake anachoka. Madumu tisa sasa ni 4,500 kwa siku, nani ana hela hiyo, kwa hiyo tunashuka tunanunua manne, 2,000, tunaogea kidogo, tunafua Jumapili kwa Jumapili, na siku ambayo hata hiyo 2,000 haipo ndio korongoni mimi na binti yangu mkubwa, anafika shule kipindi cha pili kimeshaanza. Mama anayekwenda kujifungua naye anabeba dumu lake. Hivyo vitu havimo kwenye asilimia.

Sasa nieleze hizo X zilitoka wapi maana hapa ndipo penye jambo lenyewe, na watu wengi wanafikiri shida ya maji vijijini ni ukame au ni vifaa vibovu. Kwenye kalenda yangu ukame haujachangia hata X moja, kisima kilikuwa na maji mwaka mzima.

X 52 zilitoka kwa mkupuo mmoja, kuanzia mwezi wa nane mwishoni pampu ilipoungua. Nilikuwa naandika pembeni ya kalenda kila nikisikia kitu. Siku 9 za kwanza tulisubiri fundi aje kuangalia. Alikuja, mtu mzuri, akasema mota imekwenda, inatakiwa mpya. Siku 7 zilizofuata zilikuwa za kutafuta bei kwa wauzaji watatu, kama utaratibu wa manunuzi unavyotaka, sawa. Alafu zikaja siku 27 ambazo hela ilikuwepo benki lakini haikutoka, kwa sababu mmoja wa watia saini alikuwa amehamishwa kituo cha kazi na mpya alikuwa bado hajatambulishwa benki, barua inatakiwa, muhuri unatakiwa, mwenye muhuri yuko semina. Siku 27, na hela ni yetu wenyewe, shilingi hamsini hamsini tulizoweka kwenye kile kidirisha cha gati mwaka mzima. Hela ilipotoka zikapita siku 8 za kununua na kusafirisha. Siku ya 52 pampu ikafungwa, walianza saa 3 asubuhi na saa 11 jioni maji yalikuwa kwenye tenki. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja, siku 51 zote tulikuwa tunasubiri watu, barua na saini.

X 17 nyingine zilitoka pale greda la barabara lilipokwangua bomba kuu. Barabara tunaihitaji sana na tulishukuru ilipochongwa, ila wanaochonga barabara na wanaotunza bomba hawakuwa wamezungumza, hakukuwa na hata kigingi cha kuonyesha bomba linapita wapi, na bomba lilipokatika kila upande ukasema mwenzake ndio alipe. X 23 ni za umeme. Pampu yetu inatumia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mara kadhaa hela ya tokeni haikuwepo kwa wakati, maana mfuko wetu uko pamoja na vijiji vingine na mwezi ule ulikuwa umekwenda kuzibia tatizo la kijiji jirani. Na X 26 zilizobaki sijui sababu yake mpaka leo. Nimeuliza kwa mtendaji, nimeuliza kwa muuza maji wa gati, kila mmoja ananiambia tofauti. Hizo 26 zinaniuma kuliko hata zile 52, maana zile 52 angalau najua ziliendaje.

Mhariri, sisemi haya kwa kutaka kumchoma mtu, na sitaji wilaya wala chombo cha maji kwa jina kwa sababu nina uhakika mama wa Chemba au wa Nzega au wa Newala akisoma hapa atasema mbona ni kwetu. Na wala sisemi hakuna kilichofanyika. Nikikumbuka tulikotoka naona kimefanyika kikubwa. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu ilianza mpango wa miaka 20 kwamba ikifika 1991 kila mwanakijiji awe na maji karibu, ndani ya mita 400 zile zile, na maji yalikuwa bure. Mama yangu alikuwa anatusimulia mashine ya dizeli iliyoletwa, ilivyonguruma, na ilivyokuja kunyamaza siku dizeli ilipokosekana na mpira fulani ulipokatika, ikabaki pale kibandani kuku wanatagia. Hela za kujenga zilipatikana, za kuendesha hazikufikiriwa, na ikifika 1991 lengo halikufikiwa. Mwaka huohuo sera ikageuka, wananchi tuchangie. Zikaja kamati za maji, zikaja pampu za mkono za wafadhili, na zilipoharibika kila mtu akasema ni mali ya mfadhili. Zoezi la kuhakiki vituo vya maji nchi nzima lililofanyika miaka ya 2010 mpaka 2013 hivi lilikuta karibu vituo 4 kati ya 10 havifanyi kazi. Vilijengwa kwa hela halisi, vikahesabiwa, vikafa.

Mimi niliingia kwenye kamati baada ya hapo kidogo. Nasema ukweli, tulikuwa tunajitahidi lakini tulikuwa hatujui. Hela ya maji ilikaa nyumbani kwa mweka hazina kwenye kopo la maziwa, daftari lilikuwa moja, na siku mweka hazina alipofiwa akasafiri wiki tatu hakuna aliyejua tuna shilingi ngapi. Kwa hiyo ilipokuja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, RUWASA ikaanzishwa kusimamia maji vijijini, na kamati zikabadilishwa kuwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyounganisha vijiji kadhaa, vyenye mhasibu na fundi wa kuajiriwa, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono mkutanoni kuunga mkono. Na bado naunga mkono. Kijiji kimoja peke yake hakiwezi kumlipa fundi anayejua kazi, vijiji sita pamoja vinaweza. Huko nyuma tulikuwa tunamtegemea fundi baiskeli atufungulie pampu.

Ila tulipounganishwa kuna kitu tulikipoteza na hakuna aliyekiona kikienda. Zamani lile kopo la maziwa lilikuwa baya lakini lilikuwa hapa hapa, ukiwa na wasiwasi unakwenda unagonga mlango unasema naomba kuona. Sasa hela iko benki mjini, kwa control namba, salama kabisa dhidi ya mwizi wa kijijini, lakini sisi wenyewe nayo hatuioni. Mwakilishi wetu anakwenda kikao cha chombo kilomita 30 huko, akirudi hana karatasi, ukimuuliza anasema mambo yanaendelea.

Linganisha na kikoba chetu. Tuko akina mama 28, wengi wetu hatukufika sekondari. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti na hakuna hata mmoja kati yao anayekaa na sanduku, hilo liko kwa mtu wa nne. Kila wiki tunafungua mbele ya wote, tunahesabu kwa sauti, tunataja nani kaweka nini na nani anadaiwa nini, na kabla ya kufunga kila mtu anakariri moyoni kilichobaki, wiki ijayo tunaanza kwa kuulizana kilibaki ngapi. Mtunza ufunguo akisafiri anakabidhi ufunguo mbele ya kikundi kabla hajapanda gari. Miaka minane hatujawahi kusubiri siku 27 kwa sababu mtu hayupo. Sasa kama sisi tunaweza na sanduku la bati, inakuwaje mfuko wa maji ya watu elfu kadhaa usimame mwezi mzima sababu ya saini?

Jirani zetu Kenya wamelijaribu hili la siku. Kule Kyuso, kaunti ya Kitui, pakame kama kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kwenye mikono ya pampu kinachotuma taarifa kwa simu pampu ikisimama, wakaweka na mafundi wenye kazi hiyo tu. Pampu iliyokuwa inakaa imeharibika wastani wa siku 27 ikawa inatengenezwa chini ya siku 3. Angalia hiyo namba 27, ndio siku zangu zile za saini, niliposoma nilishtuka. Baadaye ikaanzishwa huduma inayoitwa FundiFix ya kufanya kazi hiyo Kitui na Kwale, watu wanalipa kwa mwezi na fundi anawajibika kwa siku. Yaani ahadi yenyewe wanayoinunua ni siku, kwamba pampu yako ikifa haitakaa imekufa. Na watu walikubali kulipa, wale wale ambao siku zote tunaambiwa wa vijijini hawapendi kulipia maji.

Kwenye hilo la kulipa nataka nikae kidogo, maana ndio jibu ninalopewa kila nikifungua mdomo, eti mama waambie wenzako walipe kwanza. Ni kweli kuna wasiolipa. Wapo waliounganishiwa bomba nyumbani wana madeni ya miezi, na wengine ni watu wenye sauti kijijini ambao hakuna anayethubutu kuwakatia. Na ukifika wakati wa kampeni wapo wanasiasa wanaopita wakisema maji ni haki yenu msilipe, wakishaondoka chombo kinabaki na tokeni ya LUKU isiyojinunua. Hao nao wanatuua. Lakini ukikaa na watu wa kawaida pale gatini hawasemi hawataki kulipa, wanasema nalipa hela inakwenda wapi. Mtu analipa 2,000 kwa siku kwa mkokoteni bila kulalamika kwa sababu dumu analiona. Mwezi ule baada ya pampu kufungwa, mhasibu alikuja kwenye mkutano wa kijiji akasoma hadharani pampu imegharimu shilingi ngapi, ya zamani iko wapi, zimebaki ngapi. Ilimchukua dakika kumi. Wiki ile watu waliokuwa na madeni walianza kwenda kulipa wenyewe, niliwaona. Hakurudi tena kusoma, sijui kwa nini, na madeni yakarudi.

Sehemu nyingine sasa wameweka dira, yaani mita, za malipo ya kabla kwenye magati, unaweka hela kwa simu, unagusisha kitu chako maji yanatoka. Nimeiona kwa dada yangu, ni nzuri, muuza maji hawezi kuweka hamsini mfukoni na hesabu inajulikana hata usiku. Naiunga mkono. Ila ile inaziba tundu la gatini tu. Hela ikishafika juu, nani anajua imefanya nini, hapo dira haifiki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika, kuanzia wizara mpaka mtendaji wa kijiji, ni kwamba kila gati liwe na daftari la siku. Ni daftari la shule tu, muuza maji anaandika leo maji yametoka au hayajatoka, kama hayajatoka sababu ni nini na nani kaambiwa saa ngapi. Kila mwisho wa mwezi jumla inabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na sio hapo tu maana akina mama wengi hatupiti pale, ibandikwe na gatini. Jumla hiyo iende wilayani, na wilaya ikipeleka taarifa kwamba watu wake asilimia fulani wana maji ipeleke na siku. Tuliwekewa lengo la asilimia 85 vijijini ifikapo 2025, lilikuwa lengo zuri, lakini asilimia 85 ya siku ngapi? Mkurugenzi, mbunge, waziri, wote wapimwe kwa hilo pia. Nina hakika ikianza kuandikwa hivyo wilaya zitaanza kushindana kupunguza siku kavu kama wanavyoshindana sasa kuzindua.

Na hesabu za hela zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria yetu ya serikali za mitaa ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndio mamlaka ya juu ya kijiji, kila mtu mzima wa miaka 18 ni mjumbe wake, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kwa nini mhasibu wa maji asiwe ajenda ya kudumu? Hatuhitaji chombo kipya wala semina ya siku tatu yenye chai na vitafunwa, kikao kipo tayari.

Kuhusu saini, naomba iwe marufuku mtia saini kuhama kabla ya kukabidhi, na iwekwe idadi ya siku, tuseme tano, hela ya dharura ya matengenezo iwe imetoka, ikipita hapo anayeizuia ajieleze kwa maandishi. Alafu kila kijiji kiwe na fungu lake la matengenezo ndani ya ule mfuko wa pamoja, lisiguswe kwa ajili ya kijiji kingine bila sisi kuambiwa. Kusaidiana ni vizuri, kijiji jirani ni ndugu zetu, tumeoleana, wakituomba tutawapa. Tunachokataa ni kugundua tumesaidia baada ya gati letu kukauka.

Vifaa navyo. Mota za pampu zinazotumika wilayani kwetu ni za aina mbili tatu tu, fundi mwenyewe ndiye aliyeniambia. Ingekuwepo moja ya akiba stoo ya wilaya, zile siku za bei tatu na siku za kusafirisha zingekuwa hazipo, tungefungiwa kwanza karatasi zifuate. Kila anayeweka mafuta kwenye bodaboda anachangia shilingi 50 kwa kila lita kwenye Mfuko wa Taifa wa Maji, toka mwaka wa fedha 2015/16. Mfuko huo mara nyingi tunausikia kwenye kujenga. Kasehemu kadogo kake kakinunua mota za akiba mimi nadhani katawapa watu maji mengi kuliko mradi mpya mmoja.

Jambo la mwisho ni kisima chenyewe. Nimesema mwaka jana kilikuwa na maji mwaka mzima, namshukuru Mungu, lakini hakuna anayepima kina kimeshuka kiasi gani, na jirani na chanzo watu wameanza kulima vitunguu kwa mashine za kuvuta maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bwawa, kisima nacho kinahitaji ulinzi kama huo, na Bodi ya Maji Bonde la Kati ofisi yake iko hapa hapa Singida mjini, tungefurahi waje watuwekee alama na watufundishe kupima, hata kwa kamba yenye mafundo, ili tuandike kwenye daftari lile lile. Vijana wanaolima vitunguu ni watoto wetu na wana njaa ya kipato, wakiona namba inashuka mwezi hadi mwezi nadhani tutaelewana nao bila kuitana polisi.

Na kwenye vyombo hivi wawekwe akina mama kwenye nafasi za hela, sio kwenye nafasi ya kupika chakula cha wageni. Kwenye chombo chetu mwanamke ni mmoja kati ya wajumbe wengi na kazi yake kubwa niliyoisikia ni kufungua kikao kwa sala. Serikali yenyewe imesema nia ni kumtua mama ndoo kichwani, basi mama huyo ashike na ufunguo mmoja.

Kalenda ya mwaka huu nimeshaitundika pale pale. Mpaka leo naandika barua hii ina X 19, tisa kati yake ni za mwezi huu, na leo gati limekauka tena, muuza maji anasema ni tokeni. Naomba wasomaji wengine wenye kalamu na kalenda waanze nao kuweka alama, wakuandikie Mhariri, kijiji na mkoa na idadi ya siku, wewe uzichape hapa zikae pamoja.

Wako,
Mama mkulima wa alizeti,
Singida